Kabla ya Riwaya, Kitabu cha Picha: Maoni Yetu kwa Likizo Ndefu



Jioni moja mwalimu mmoja wa idara yetu alikuwa nyumbani kwake, hapa Kampala, akisahihisha insha za wanafunzi. Binti yake wa miaka sita alikaa kando yake na kitabu cha picha cha Kiingereza. Mtoto akaitazama ile rundo ya karatasi, akamwuliza baba yake kwa Kiganda: "Taata, Kiswahili nacho kina hadithi?"

Baba alijibu kwamba kina hadithi nyingi sana. Mtoto akataka kuonyeshwa moja. Hapo ndipo mwalimu alipokwama. Rafuni kulikuwa na riwaya, tamthilia, kamusi na vitabu vya sarufi, lakini hakukuwa na hata kitabu kimoja cha Kiswahili ambacho mtoto wa miaka sita angeweza kukifungua na kukifurahia. Alipotusimulia kisa hicho katika chumba cha walimu tulicheka, kisha tukanyamaza, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa akiiwazia rafu ya nyumbani kwake.

Katika makala haya tungependa kutoa maoni yetu, sisi kama wasomaji na walimu, juu ya aina mbili za vitabu ambazo kwa kawaida hazizungumzwi pamoja: riwaya na vitabu vya picha vya watoto. Rai yetu ni moja. Mwanafunzi wa Uganda anapewa riwaya mapema mno, naye anapewa kwa ajili ya mtihani tu. Kitabu cha picha ni daraja ambalo tumelisahau, na likizo ndefu ya Desemba na Januari ndiyo nafasi bora ya kulijenga.

Kwa nini jambo hili ni la sasa

Wasomaji wetu wanajua safari ya Kiswahili katika nchi hii. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa, lakini amri hiyo haikujenga madarasa wala maktaba. Kwa wazee wengi wa Kampala lugha hii ilibaki kuwa ya askari na ya vizuizi vya barabarani. Mwaka 2005 marekebisho ya Katiba yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2020 mtaala mpya wa sekondari ulikifanya kuwa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilipendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari.

Haya yote ni mema. Hata hivyo, sheria na mtaala humleta mtoto darasani tu. Havimfanyi aipende lugha. Mtoto huipenda lugha anapocheka ndani yake, anapoogopa simba wa hadithini, na anapoomba asomewe ukurasa uleule mara ya tatu. Tusipompa nafasi hiyo, atakijua Kiswahili kama somo la alama, na siku ya mwisho ya mtihani ndiyo itakayokuwa siku yake ya mwisho ya kukisoma.

Mbuzi wa jikoni

Tutoe mfano mdogo wa namna msomaji anavyokwama. Chukua sentensi hii: "Mama akachukua mbuzi, akaketi, akaanza kukuna nazi." Tuliiandika ubaoni mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Karibu wote walimwona mnyama mwenye pembe amevutwa hadi jikoni. Mmoja aliuliza kwa heshima kubwa kama ni desturi ya watu wa pwani kula nazi pamoja na nyama ya mbuzi.

Mbuzi anayesemwa hapa ni kile kigoda kidogo chenye ulimi wa chuma wenye meno, ambacho mpishi hukikalia akakuna nazi. Kamusi itaeleza hivyo kwa maneno mengi, na mwanafunzi atasahau kesho yake. Picha moja ya mwanamke aliyeketi juu ya mbuzi, kifuu mkononi na sinia mbele yake, humaliza kazi hiyo kwa mara moja.

Riwaya nyingi tunazofundisha zilizaliwa Unguja, Pemba, Tanga na Mombasa, zikiwa na majahazi, mabaraza, kanga na minazi. Mtoto aliyekulia Masaka au Gulu, penye migomba au mitama, hukutana na ulimwengu huo kwa masikio tu. Tunamtaka achambue maudhui kabla hajaona chochote. Halafu tunasema hana bidii.

Kitabu cha picha hufundisha nini

Wako wenzetu wanaodhani kwamba kitabu cha picha ni mchezo wa watoto wa chekechea. Tunaheshimu maoni yao, lakini hatukubaliani nao. Tunaona faida tatu ambazo mwalimu wa lugha hana budi kuzithamini.

Kwanza, kitabu cha picha hufundisha upatanisho wa ngeli bila kuutaja. Ukurasa mmoja una kikapu kimoja: "Kikapu kimejaa." Ukurasa wa pili una vikapu vitatu: "Vikapu vimejaa." Msomaji wa Kiganda hutambua mara moja kitu anachokijua, kwani kwao husemwa *ekisero kijjudde* na *ebisero bijjudde*. Anaona kwamba Kiswahili ni ndugu, ambaye alidhaniwa kuwa mgeni kwa sababu ya mavazi tu. Kwa mzungumzaji wa Kiacholi au Kilango, ambaye lugha yake haina ngeli za namna hii, faida ni kubwa zaidi: anausikia upatanisho ukijirudia katika kila ukurasa kabla ya kuoneshwa jedwali la kutisha.

Pili, hufundisha masimulizi. Katika insha tunazosahihisha, kosa moja hurudi kila mwaka: "Aliamka, alinawa uso, alikunywa uji, alikwenda shuleni." Hakuna neno lililokosewa, lakini hakuna hadithi pia. Ni orodha. Mswahili angesema: "Aliamka, akanawa uso, akanywa uji, akaenda shuleni." Kiambishi "-ka-" ndicho kinachosukuma hadithi mbele. Mwanafunzi aliyesomewa hadithi ishirini utotoni hahitaji kufundishwa jambo hili, maana limo masikioni mwake tayari.

Tatu, picha hulinda dhidi ya maneno ndugu yanayodanganya. Mwanafunzi Mganda akisoma "mkazi wa mji" hudhani ni mwanamke wa mji, kwa kuwa *omukazi* katika Kiganda ni mwanamke. Akiona chini ya neno hilo picha ya mzee mwenye ndevu anayefagia kibaraza chake, atasita, na kusita huko ndiko kujifunza.

Vitabu vya picha vya sikukuu, na habari moja ya Kampala

Pengine wasomaji wetu hawajui kwamba baadhi ya vitabu vya picha vya Kiswahili vinavyojulikana sana duniani vina mzizi hapa Kampala. Katika miaka ya 1960 Mmarekani mweusi mmoja, Muriel Feelings, alifundisha sanaa katika shule ya sekondari ya mji huu. Aliporudi Marekani aliandika vitabu viwili vilivyochorwa na mumewe, Tom Feelings: *Moja Means One* (1971), cha kuhesabu kutoka moja hadi kumi, na *Jambo Means Hello* (1974), cha alfabeti. Vyote viwili vilipata heshima ya Caldecott, ambayo nchini Marekani hutolewa kwa michoro bora ya vitabu vya watoto.

Tumevisoma na haya ndiyo maoni yetu. Michoro yake ina upole na adabu, na watu wake wana nyuso za watu halisi. Mtoto wa Kampala ataona watu wakicheza bao, naye atasema "omweso!" bila kuambiwa na mtu. Lakini vitabu hivi viliandikwa kwa ajili ya watoto wa Marekani: maelezo ni ya Kiingereza, na Kiswahili hupewa neno moja moja. Aidha, jina la kitabu cha pili linatupa kazi sisi walimu. "Jambo" katika Kiswahili ni shauri, habari au kitu kilichotokea. Salamu yenyewe ni "Hujambo?" na jibu lake ni "Sijambo." "Jambo!" peke yake ni salamu ya watalii. Tusimlaumu mwandishi, tukitumie kitabu hicho kumwuliza mwanafunzi: je, wewe ungekiitaje?

Kuna kundi jingine ambalo ni la sikukuu hasa. Kila mwaka kuanzia tarehe 26 Desemba hadi 1 Januari, Wamarekani weusi wengi husherehekea Kwanzaa, sikukuu iliyoanzishwa na Maulana Karenga huko California mwaka 1966. Jina lake limetokana na "matunda ya kwanza", na nguzo zake saba zina majina ya Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba na imani. Vitabu vya picha vya sikukuu hii ni vingi. *Seven Candles for Kwanzaa* (1993), cha Andrea Davis Pinkney na mchoraji Brian Pinkney, kinaeleza siku saba na mishumaa yake. *Seven Spools of Thread* (2000), cha Angela Shelf Medearis na mchoraji Daniel Minter, kinasimulia ndugu saba wagomvi wa kijiji kimoja cha Ghana ambao hawana budi kupatana ili wapate urithi wao.

Hiki cha pili tulikipenda zaidi, kwa sababu nguzo saba zimefichwa ndani ya kisa na mtoto hahubiriwi. Lakini mwanafunzi mmoja aliuliza swali zuri: kama ndugu hawa ni wa Ghana, Kiswahili kimefikaje huko? Jibu ni kwamba waanzilishi wa Kwanzaa walikichagua Kiswahili kwa kuwa si mali ya kabila moja. Ni hoja ileile ambayo hutolewa hapa Afrika Mashariki kila tunapojadili lugha ya kutuunganisha. Inafaa mwanafunzi wa Uganda ajue kwamba wapo watu ng'ambo ya bahari waliokipenda Kiswahili bila kulazimishwa na mtaala wowote.

Vitabu hivi pia vina nafasi za kufundishia. Katika Kwanzaa, suke la hindi linalowekwa juu ya mkeka huitwa "muhindi". Darasani Kampala neno hilo huleta kicheko, kwani Mhindi hapa ni mwenye duka. Basi mwalimu apate fursa: Mhindi, Wahindi, muhindi, mihindi. Ngeli mbili katika dakika mbili.

Lakini kuna kitu kinachokosekana. Hatujapata kuona kitabu cha picha cha Kiswahili kuhusu sikukuu zetu wenyewe: Krismasi ya kijijini, abiria wanavyosongamana katika kituo cha mabasi cha Kampala wakiwa na mikate na sukari ya kumpelekea bibi, matoke yaliyofungwa katika majani ya migomba, au asubuhi ya Idi na kanzu zilizopigwa pasi. Mwenye nacho atuletee. Asiye nacho akiandike.

Na riwaya je?

Hatusemi riwaya ziachwe. Tunasema zipangwe. Haya ni maoni yetu juu ya riwaya chache, kwa mpangilio ambao tungempa msomaji wa Uganda.

*Ndoto ya Amerika* ya Ken Walibora ni hadithi fupi ya vijana, nayo inafaa sana kwa anayetoka katika vitabu vya picha. Ndoto ya kwenda Marekani inajulikana katika kila mtaa wa Kampala, kwa hiyo msomaji hahitaji kufafanuliwa kiu ya wahusika.

*Siku Njema* (1996) ya mwandishi huyohuyo ndiyo riwaya ambayo tungempa mwanafunzi kuwa riwaya yake ya kwanza kamili. Msimulizi ni mmoja, anasema "mimi", na kisa kinakwenda mbele kama safari: kijana anatoka Tanga kumtafuta baba yake na kufika hadi Kitale. Kitale haiko mbali na mpaka wetu, chini ya Mlima Elgon, na msomaji wa Mbale hujihisi karibu na nyumbani. Tuna lawama moja: sadfa ni nyingi mno, na watu hukutana pale tu mwandishi anapohitaji wakutane. Aidha, misemo na methali zimerundikana. Lakini kwa anayejifunza, wingi huo ni ghala. Walibora alifariki mwaka 2020, na hakuna njia nzuri ya kumkumbuka kuliko kumsoma.

*Rosa Mistika* (1971) ya Euphrase Kezilahabi inatuhusu kuliko tunavyodhani. Mandhari yake ya mwanzo ni Ukerewe, kisiwa kilichomo katika ziwa hilihili tunaloliona kutoka Entebbe na Port Bell. Lugha ya kwanza ya mwandishi ilikuwa Kikerewe, jamaa wa lugha zetu za Maziwa Makuu, na Kiswahili chake kina sentensi fupi zisizo na madoido ya pwani. Msomaji wa bara anapata faraja kubwa kuona kwamba mtu anaweza kuwa mwandishi mkuu wa Kiswahili bila kuzaliwa Unguja. Lakini ni kisa kichungu cha msichana aliyelelewa kwa ukali akaharibikiwa alipopata uhuru, na kwa muda riwaya hii ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania. Tunashauri isomwe na wanafunzi wakubwa, pamoja na mwalimu aliye tayari kuzungumza.

*Vuta n'kuvute* (1999) ya Adam Shafi inamweleza Yasmin, msichana wa Kihindi wa Zanzibar aliyeozwa mume mwenye umri mkubwa, akaikimbia ndoa hiyo na kuingia katika ulimwengu wa vijana wanaopinga ukoloni. Msomaji wa Kampala, mji ambao Waasia wake walifukuzwa mwaka 1972, atasoma riwaya hii kwa jicho ambalo msomaji wa kwingine hana. Mazungumzo yake ni matamu. Ni Kiswahili cha kusikilizwa. Yule mbuzi wa jikoni na jamaa zake wako huku, na ndiyo maana tunaiweka mbele, baada ya picha.

Mwisho, kwa wanafunzi wa chuo, *Peponi* (2022), tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya *Paradise* ya Abdulrazak Gurnah, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Wengi wenu mmesoma matini ya Kiingereza. Someni zote mbili kwa pamoja, sura kwa sura, na mtaona ni mambo gani Kiswahili kinayasema kwa urahisi na yapi yalimtoa mfasiri jasho. Kwa maoni yetu hakuna zoezi bora la tafsiri.

Mpango wa likizo

Tunajua mwalimu atauliza: vitabu vya picha vya Kiswahili vitatoka wapi, nasi hatuna fedha? Kuna msaada. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini na ambao Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi zake za mwanzo, unatoa hadithi za picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, kwa leseni huria. Maana yake ni kwamba unaruhusiwa kuzipakua, kuzichapisha, hata kuzitafsiri, bila kulipa. Zimepangwa katika hatua tano, kuanzia maneno machache kwa ukurasa. Ukishapakua, wachapaji wa Barabara ya Nasser watakufanyia kitabu kwa bei ya mlo mmoja. (Riwaya, hata hivyo, ni mali ya mwandishi. Tafadhali tusizitoe kivuli kitabu kizima huko Wandegeya kisha tulalamike kwamba waandishi wa Kiswahili hawaandiki.)

Basi tunapendekeza hivi. Katika wiki mbili za kwanza za likizo, msomee mtoto mmoja hadithi tano za picha, si zaidi. Awe mwanao, mdogo wako au mtoto wa jirani. Usimwulize maswali ya ufahamu. Mwache aulize yeye. Hadithi atakayoitaka tena, isome tena. Wakati huohuo, soma riwaya moja kwa ajili yako mwenyewe, isiyo katika silabasi unayofundisha.

Wiki ya tatu, tengenezeni kitabu chenu. Karatasi mbili zikikunjwa katikati na kushonwa kwa uzi zinatoa kurasa nane. Mtoto achore, wewe uandike sentensi moja kwa kila ukurasa, kwa Kiswahili chepesi na sanifu. Mada iwe ya sikukuu: safari ya kijijini, kuku wa Krismasi aliyetoroka, au mwezi wa Idi. Mkikosea, futeni.

Yule mwalimu tuliyeanza naye amekwisha kufanya hivyo. Kitabu chao kina kurasa nane, na kinahusu bibi anayesubiri basi. Katika ukurasa wa tatu baba aliandika: "Basi limechelewa." Binti akamwuliza kwa nini si "basi amechelewa", kwa kuwa basi linatembea. Walizungumza juu ya swali hilo hadi chakula kikapoa. Mwalimu anasema katika miaka yake yote ya kufundisha ngeli, hajawahi kuulizwa swali hilo na mtu aliyetaka kweli kujua.

Wasomaji wapenzi, tuleteeni vitabu mtakavyotengeneza pamoja na maoni yenu juu ya riwaya mtakazosoma, hata kama hamkubaliani nasi, na hasa kama hamkubaliani nasi. Tutaviweka katika maktaba ndogo ya idara, kwenye rafu ya chini, mahali ambapo mtoto anaweza kufika kwa mkono wake mwenyewe.

Tunawatakia likizo njema na usomaji mwema.